Je, wajua kwa nini Seneca alishindwa kuirudisha mali yake?

Mwaka 62 baada ya Kristo, mzee mmoja wa Roma alimwomba mtawala amwondolee utajiri wake. Mzee huyo ni Seneca, mwanafalsafa aliyefundisha kwamba mwenye hekima hatawaliwi na mali. Mwenyewe alitajwa kuwa na sesterti (sarafu za Kirumi) milioni 300. Mtawala ni Nero, mwanafunzi wake.

Mali ilimfuata kwa njia ya ualimu. Mwaka 49 Agrippina, mama yake Nero, alimtoa Seneca uhamishoni kisiwani Corsica ili amfunze mwanawe. Miaka mitano baadaye kijana akawa kaisari, akiwa na miaka 16 tu, na zawadi zikaanza kumiminika: mashamba, bustani, majumba. Kisha ikaja damu. Mwaka 59 Nero alimuua mama yake, na barua ya kumtetea mbele ya seneti watu walijua ni kalamu ya Seneca. Hapo ndipo ninapoumia kila nikisoma habari zake. Simwoni mnafiki, naamini alidhani akibaki karibu atamzuia kijana, na miaka ya mwanzo alimzuia kweli.

Basi Seneca alipoomba kuirudisha mali, kwa nini Nero alikataa? Mwanahistoria Tacitus anasimulia kwamba alimjibu mwalimu wake kwa upole: ukinirudishia mali, watu hawatasifu kujizuia kwako, watasema mimi ni mwenye tamaa na mkatili. Akamkumbatia, akambusu. Maana yake ni kwamba mali ile haikuwahi kuwa ya Seneca. Kila shamba lilikuwa ushahidi kwamba kaisari ana mtu mwenye hekima pembeni yake, na ushahidi huo Nero alikuwa bado anauhitaji.

Seneca akajifungia. Umati uliokuwa ukimwamkia asubuhi akaukataza. Baadaye zikavuma habari kwamba Nero anataka kumpa sumu, na yule tajiri mwenye bustani zisizohesabika akawa anakula matunda ya porini na kunywa maji ya kijito.

Mwaka 65 iligunduliwa njama ya kumuua Nero. Seneca akahusishwa nayo, na askari wakamletea amri ajiue. Akakata mishipa ya mikono, lakini damu ikachelewa kutoka, kwa sababu mwili wa mzee ulikuwa umekonda kwa chakula kile.