Hezi ni mwanga jamani, acheni kuvuta Dehaze mpaka mia

Juzi nimeweka picha ya Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, Marekani, kwenye grupu letu la wapiga picha. Niliipiga Lipan Point, kwenye ukingo wa kusini, mwezi wa kwanza, theluji imekaa juu ya vichwa vya miamba, na huku ng'ambo kuta zinafifia taratibu moja nyuma ya nyingine kwa rangi ya bluu. Haikupita nusu saa mtu akajibu, "Kaka picha kali ila ina ukungu, vuta Dehaze mpaka mia itakaa poa." (Dehaze ni slaida, yaani kitelezi cha programu za kuediti picha, cha kufuta hezi, ule utando unaofifisha vitu vya mbali.) Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu akaichukua picha yangu, akaivuta mwenyewe kwenye simu, akairudisha. Theluji imegeuka kijivu kama majivu ya jiko la mkaa, anga limekuwa bluu ya ndoo ya plastiki, na ukuta wa ng'ambo ambao uko kilomita kumi na kitu kutoka niliposimama unaonekana kama nyumba ya jirani. Watu wakamwekea dole gumba. Mimi naishi Flagstaff, mji wa karibu na korongo, na korongoni napanda kila baridi, na hili la "vuta tu" nimelijibu mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naliandika lote hapa, mwingine akiniuliza namtumia linki.

Kwanza neno letu lenyewe linatuponza. Mtu wa Lushoto au Limuru akisema ukungu anamaanisha matone ya maji, kitu unachokiona kikipita barabarani, na ukikisubiri kinaondoka. Hezi ya korongo ni kitu kingine. Ni chembe ndogo sana, salfa, moshi wa mbali, vumbi, na hewa yenyewe pia imo. Ukinyoosha mkono mbele yako huoni kitu, hewa safi kabisa. Ila kila mita ya hewa hiyo inachukua mwanga wa jua na kukurushia wewe kidogo, na kati yako na ukuta wa ng'ambo kuna mita elfu kumi na sita. Kwa hiyo yanatokea mambo mawili kwa pamoja: mwanga wa mwamba unapotea njiani, na mwanga mwingine ambao haujawahi kuugusa mwamba unaongezwa juu yake. Ndio maana vivuli vya mbali huwa havina weusi. Mtu anayeona hezi kama vumbi kwenye kioo cha gari anadhani ukipangusa utakuta picha imekaa nyuma yake salama. Haijakaa. Sehemu yake kubwa haikufika kwenye kamera.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme siku hiyo jicho linafika kilomita 40, siku mbaya hiyo kwa Grand Canyon. Mwamba ulio mita 500 kutoka kwako unaleta kama asilimia 95 ya mwanga wake. Ukuta ulio kilomita 16 unaleta asilimia 21 hivi. Moja ya tano! Siku safi ambayo jicho linafika kilomita 200, ukuta huo huo unaleta karibu robo tatu. Sasa niambie, slaida moja inayogusa fremu nzima itatibuje mwamba uliopoteza asilimia 5 na ukuta uliopoteza karibu 80 kwa wakati mmoja? Programu inajaribu kubahatisha umbali, ni kweli, na saa nyingine inabahatisha vizuri, lakini kwenye baridi kuna kitu kinaivuruga, nakuja hapo.

Na kile kilichobaki, hicho moja ya tano, ukitaka kukirudisha kama kilivyokuwa inabidi ukizidishe mara tano. Chenga, zile nukta nukta chafu za picha, nazo zinazidishwa mara tano. Ukiwa umepiga JPEG, faili la kawaida la picha, ndio umekwisha kabisa, kwa sababu ngazi zake ni 256 kwa kila rangi na ule ukuta umebanwa kwenye hamsini hivi, ukizivuta anga linapasuka mistari mistari. Piga RAW, faili ghafi la kamera lenye ngazi nyingi zaidi. Sina la kuongeza hapo.

Sasa baridi. Watu wanaamini baridi hewa ni safi. Kuna siku ni safi kweli, siku moja baada ya dhoruba ya theluji kupita unaweza ukalia kwa uzuri. Lakini baridi ndio msimu ambao hewa baridi inazama ndani ya korongo, hewa ya uvuguvugu inakaa juu kama kifuniko cha sufuria, na chochote kilichomo humo kinabaki humo siku nzima, saa nyingine siku kadhaa. Unyevu wa theluji unazivimbisha chembe za salfa, na chembe iliyovimba inatawanya mwanga zaidi. Jambo hili lilipimwa kule kule korongoni: mwanzoni mwa 1987, katikati ya baridi, watafiti walitia gesi ya alama kwenye moshi wa Navajo Generating Station, kituo cha umeme wa makaa karibu na mji wa Page, wakaikuta gesi hiyo korongoni. Mwaka 1991 kikaamriwa kupunguza salfa kwa asilimia 90, na mwaka 2019 kikafungwa kabisa. Kwa hiyo mkiona picha za zamani za baridi zenye hezi nzito, msimlaumu mpiga picha peke yake, lilikuwepo na bomba la moshi la kituo hicho.

Kingine cha baridi ni jua. Ukingo wa kaskazini barabara yake inafungwa, kwa hiyo wote tuko ukingo wa kusini tunaangalia kaskazini, na mwezi wa kumi na mbili jua la mchana linapanda nyuzi 30 tu hivi, tena liko mgongoni kwako. Chembe za hezi zinarusha mwanga mwingi kwenda mbele, yaani ukiangalia upande wa jua hezi inawaka kama maziwa, ukiligeuzia jua mgongo inapungua. Watu wanasimama Hopi Point, ukingo huo huo wa kusini, jioni wanaangalia magharibi jua linapozama, halafu wananiuliza mbona picha yangu ina hezi. Umeielekea taa! Siyo kosa, mimi ule mwanga naupenda mno, zile tabaka za kuta zinatoka kama karatasi zilizopangwa, ila ujue umeichagua hezi, usije nyumbani ukaanza kuifuta.

Filta ya UV haisaidii hapa. Sensa ya kamera ya dijitali haioni UV ya kutosha kukusumbua, hiyo ni ya enzi za filamu, aliyekuuzia "ikate hezi" kakuuzia kioo. Polaraiza, filta ya kuzungusha mbele ya lenzi inayokata mwanga uliotawanywa, inasaidia, lakini pale unapoangalia nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na kwa baridi hiyo maana yake mchana angalia mashariki au magharibi, kulifuata korongo. Halafu inakata hewa yenyewe kuliko chembe zilizovimba, kwa hiyo siku ya unyevu utaizungusha weee na usione kitu. Mimi mwenyewe nimeitoa begini mara mbili na kuirudisha mara mbili, mpaka leo sijaamua.

Theluji kamera inaifanya kijivu, ongeza mwanga stopu moja mpaka moja na nusu (stopu moja ni mwanga mara mbili), angalia histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, isigonge kulia. Betri weka mfuko wa ndani wa koti. Ukirudi kwenye gari lenye hita, kamera ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla hujaingia, la sivyo lenzi inatoa jasho. Na usipige kupitia dirisha la gari lenye joto kwa lenzi ndefu, ile hewa ya moto inayotoka inakuvuruga fokasi, halafu utasema ni hezi.

Haya, kuediti. Mwaka 2009 Kaiming He na wenzake Jian Sun na Xiaoou Tang walitoa wazo zuri sana la kuondoa hezi: kwenye picha ya nje isiyo na hezi, karibu kila kipande kidogo kina pikseli ambazo rangi yake moja wapo iko chini sana, karibu na nyeusi. Ukikuta kipande ambacho rangi zote tatu ziko juu, hapo pana hezi, na ukubwa wake unakuonyesha umbali. Wazo tamu. Sasa nionyeshe theluji. Theluji rangi zote tatu ziko juu, iko mita mbili mbele ya miguu yako, na hesabu inaiona kama hezi nzito. Wenyewe walisema kabisa kwamba vitu vyeupe vinavyofanana na mwanga wa hewa vinaishinda. Kwa hiyo ile theluji ya majivu niliyorudishiwa kwenye grupu haikutokana na bahati mbaya, na ndiyo sababu picha za baridi ndizo zinazoharibika zaidi kwa hiyo slaida.

Ninachofanya mimi ni hiki. Chenga natoa kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine. Halafu natafuta kivuli cha ukuta wa karibu, napima. Kwenye picha ya Lipan, kwa skeli ya 0 mpaka 255, kilisoma nyekundu 12, kijani 13, bluu 17. Nikaenda kwenye kivuli cha ukuta wa mbali: 58, 71, 96. Toa moja kwa nyingine, unapata 46, 58, 79. Hiyo ndiyo hezi yako, imeandikwa kwa namba, na angalia bluu ilivyobeba kuliko wenzake, kwa sababu hewa inautawanya mwanga wa bluu mara nne na zaidi ya mwekundu. Ukishusha weusi kwa rangi zote sawa, bluu inabaki, na hapo ndipo watu wanapoanza kubana rangi ya bluu kwenye picha nzima, na vivuli vya theluji, ambavyo vinatakiwa viwe bluu, vinakufa. Mimi naweka maski, yaani nachagua eneo la kuediti, kwenye ukuta wa mbali tu, naingia kwenye kevu (mstari wa kurekebisha mwanga) ya kila rangi, nasogeza mwanzo wake, upande wa weusi: nyekundu mpaka 30, kijani 38, bluu 52. Kama theluthi mbili ya ile hezi. Kitaalamu toa hiyo ilibidi ifanyike kwenye data mbichi kabla ya gama (hatua inayopindisha mwanga ufanane na jicho linavyoona), najua, ila nimefanya zote mbili nikaziweka pembeni kwa pembeni na macho yangu hayakuziona tofauti.

Ukingo wa maski ulainishe mwamba unapokutana na anga, la sivyo unapata mstari mweupe kama umechorwa na chaki. Na kama ukuta wa mbali umekataa kabisa, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe ukitumia chaneli nyekundu kwa wingi, hiyo ndiyo iliyopenya hewa vizuri kuliko zote. Nimewahi kuokoa picha ya siku ya hovyo kabisa kwa njia hiyo.

Kwa nini theluthi mbili, na sio yote? Hapa ndipo sina namba ya kukupa. Jicho la binadamu likisimama ukingoni linazoea hezi, baada ya dakika kumi unaona mawe ambayo kamera haikuyaona, kwa hiyo kumbukumbu yako ni safi kuliko faili. Nikirudisha mpaka pale ninapokumbuka, je narudisha nilichokiona au nilichokitaka? Kuna picha nimekaa nazo wiki mbili nikisogeza 30 kwenda 35 na kurudi. Na hizi programu mpya za kutoa chenga nazo zinanipa wasiwasi, kwenye ukuta wa kilomita 16 nimeona zikitunga nyufa ambazo kwenye fremu ya pili ya sekunde ile ile hazipo. Ninachokijua ni kwamba macho yanasoma umbali kwa hezi. Ukiitoa yote, korongo lenye kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu linakuwa shimo la machimbo.

Ile ya Lipan, miamba ya karibu Dehaze yake ni sifuri. Kuta za kati nimezivuta 12. Ukuta wa mbali umepata ile kevu peke yake, na kule nyuma yake kabisa, ule mstari mwembamba wa bluu ambao mtu wa tatu aliugeuza kahawia, sijaugusa.