Kukimbia alfajiri Njombe: vaa kwa ajili ya dakika ya kumi

Kuanzia Juni hadi Agosti, anayekimbia alfajiri Njombe, Makete au Mufindi hutoka nje kungali giza, ukungu umetanda barabarani na manyunyu yanamlowanisha taratibu bila mwenyewe kujua. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Miezi hiyo joto la alfajiri hushuka chini ya nyuzi 10, na jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi. Wengi huikabili baridi hiyo kwa sweta na jaketi zito, na hapo ndipo kosa linapoanzia.

Mwili unaokimbia huzalisha joto jingi. Ukivaa hadi ukajisikia vizuri ungali mlangoni, baada ya dakika kumi utakuwa umelowa jasho, na nguo iliyolowa ndiyo inayokupoza, kwa kuwa maji hupitisha joto takribani mara 25 kuliko hewa. Vaa kana kwamba nje kuna nyuzi 10 zaidi ya zilizopo. Dakika za mwanzo ni lazima uhisi kibaridi. Usipokihisi, punguza nguo moja kabla hujaondoka.

Nguo inayogusa ngozi isiwe ya pamba. Fulana ya pamba hunywa jasho, hugandamana na mwili na haikauki mpaka urudi. Inayofaa ni ya poliesta, nyepesi, inayobana kidogo, kama jezi ya mpira. Mitumbani zimejaa, soma lebo iliyoshonwa ubavuni. Ukibahatika kupata ya sufu nyembamba, ichukue, kwani sufu hutunza joto hata ikilowa. Juu yake vaa jaketi jepesi la kuzuia upepo, lenye zipu ya mbele utakayoifungua ukipanda mlima. Koti la mvua la plastiki hufungia jasho ndani, nawe unalowa vilevile. Wapo wanaolivaa makusudi ili wapungue uzito. Kinachopungua ni maji tu, na uzito hurudi mara wanapokunywa.

Mzula mwepesi na glovu nyembamba vinatosha kwa masikio na vidole. Mvua ikiwepo, kepu huzuia matone yasiingie machoni. Paka mafuta mazito kwapani, mapajani na kwenye chuchu, maana nguo iliyolowa huchubua.

Giza ndilo linaloua, kwa hiyo tulitazame vizuri. Rangi ya njano kali ya kizibao hung'aa mchana kwa msaada wa mwanga wa jua, usiku haikusaidii. Kinachokuokoa ni mikanda ya rifleta inayorudisha mwanga wa taa za gari kwa dereva. Gari la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, na kwenye lami yenye maji husimama mbali zaidi. Kizibao cha bodaboda kinafaa, mradi kiwe juu ya jaketi. Ongeza mkanda wa rifleta kwenye kila kifundo cha mguu. Dereva akiona alama mbili zikipanda na kushuka hutambua upesi kwamba ni mtu. Alama iliyotulia anaweza kudhani ni nguzo ya barabarani. Kimbia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja. Kwenye ukungu, tochi ya kichwani hukurudishia mwanga machoni kama ukuta mweupe. Ishushe uifunge kiunoni.

Ukirudi, vua nguo zilizolowa mara moja, kabla ya kunyoosha viungo. Raba zijaze magazeti, uyabadilishe yakilowa. Ukizianika kando ya jiko gundi huachia. Usiote moto wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake ya sumu haina harufu.

Mwenzako akitetemeka sana, vidole vikishindwa kufunga zipu au maneno yakimkwama, acheni kukimbia. Mbadilishie nguo kavu, mfunike blanketi na kichwani pia, mpe chai ya moto yenye sukari ikiwa anameza vizuri. Usimsugue mikono na miguu, wala usimpe pombe. Akiacha kutetemeka huku amechanganyikiwa, hali imezidi kuwa mbaya: mpelekeni hospitali bila kusubiri.