Elimu kwa umma: Kihisi cha mwanga hupima pale kilipo

Dawati letu hapa Kisumu linapokea malalamiko ya aina mbili, na yote yanaongezeka. Ya kwanza ni ya watu waliojitolea kuvaa vihisi vya mwanga, yaani vifaa vidogo vya kupima mwanga, katika utafiti wa usingizi na zamu za usiku, kisha wakaambiwa rekodi zao hazifai ilhali wamevaa kila siku. Ya pili ni ya wananchi wanaotuletea picha ya vipimo vya mwanga vya saa janja na kutaka tuigonge muhuri, ili wamshtaki mwajiri kwa kuwafanyisha kazi gizani. Nia yao ni njema. Muhuri hatutagonga.

Tunachotafuta ni mwanga unaolifikia jicho. Ndani ya retina, utando ulio nyuma ya jicho, mna seli chache zenye melanopsini, kemikali inayohisi mwanga, ambazo huiarifu saa ya mwili kama ni mchana au usiku. Melanopsini huitikia zaidi mwanga wa samawati, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 480. Luksi za kawaida, kipimo cha mwanga kinachotumika zaidi, zilitungwa kwa jinsi tunavyoona ung'avu, ambao kilele chake ni nanomita 555, upande wa kijani. Kwa hiyo balbu ya zamani ya waya na taa nyeupe ya LED zinaweza kutoa luksi sawa, na bado mwili ukapata habari tofauti. Mwaka 2018 CIE, tume ya kimataifa ya mwanga, ilitoa kiwango S 026 ili kipimo cha luksi za melanopsini, yaani mwanga uliopimwa kwa jinsi melanopsini inavyouitikia, kieleweke kwa namna moja kote. Saa nyingi za dukani hazikutengenezwa kwa kiwango hicho.

Kisha kuna suala la mahali. Ikweta inapita Maseno, karibu na hapa Kisumu, na saa sita mchana jua la kwetu huwa karibu na utosi. Mwanga unaoangukia kitu kilicholala bapa, kama saa kwenye mkono wa bodaboda ulioshika usukani, unaweza kufika luksi 100,000. Jicho lake linatazama mbele, limekingwa na nyusi na kofia, hivyo linapata sehemu ndogo tu ya huo mwanga. Ngoja avute mkono wa jaketi: kihisi kitaandika giza totoro mchana kweupe. Rekodi za namna hii tunazo, mstari umelala kwenye sifuri tangu asubuhi hadi jioni, na mwenyewe anaapa alikuwa sokoni Kibuye juani siku nzima. Tunamwamini. Kihisi ndicho kilichokuwa ndani ya nguo.

Kwa wavuvi wa omena, wanaovua usiku kwa taa, kosa hugeuka. Wakati wa kuvuta wavu, mkono unaweza kuwa sentimita 30 kutoka kwenye taa na jicho sentimita 90. Umbali ukiwa mara tatu, mwanga wa taa ndogo hupungua mara tisa. Mkononi kihisi kisome luksi za melanopsini 45, jichoni ni kama 5. Mapendekezo ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2022 yanataka luksi za melanopsini zisizidi 10 katika saa tatu za mwisho kabla ya kulala, na zisipungue 250 mchana, zikipimwa usawa wa jicho. Mvuvi yuleyule, usiku uleule, amevuka kiwango kwa hesabu ya mkono na hajavuka kwa hesabu ya jicho.

Ndiyo sababu tunasema kihisi ukibane kifuani au kwenye fremu ya miwani, nje ya nguo, kikitazama mbele. Magamba ya samaki na mafuta yafutwe kwa kitambaa laini. Ukikivua, bonyeza kitufe cha alama na uandike saa kwenye daftari. Usikiache chini ya mto, kwa sababu giza la chini ya mto nalo huhesabiwa.

Na kwa wanaouliza kama kihisi kinawapeleleza: hapana, hakina kamera. Wala hakirekodi sauti. Tulishasema.

Anayetaka kifaa chake kilinganishwe na kipimo rejea, yaani kifaa sahihi cha kulinganishia, alete barua ya maombi, nambari ya kifaa, chaja yake na cheti cha awali cha ulinganishaji kama kipo. Kifaa hupimwa gizani, kisha chini ya taa ya aina zaidi ya moja, kisha kwa pembe mbalimbali, maana mwanga wa ubavuni ndio huvikosesha vingi. Cheti kitoke katika maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, ambayo nchini hutolewa na KENAS, shirika la ithibati la Kenya. Kifaa kikibadilishwa kioo, cheti cha zamani hakifai tena.

Msiazimane vihisi. Rekodi yako inaonyesha unapolala na unapoamka, na ni data binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Data ikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, taasisi inapaswa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ijue. Adhabu ya jumla katika sheria hiyo ni faini isiyozidi shilingi milioni 3, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kumvisha binamu yako kifaa cha utafiti kwa siku mbili ili wewe uende matangani kunaharibu rekodi yako, na yeye hakusaini fomu ya ridhaa.

Kuhusu kazi za gizani, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aweke mwanga wa kutosha. Andika lalamiko kwa afisa wa usalama na afya kazini, utaje jengo, chumba na saa za zamu. Atakuja na kipima luksi chake, akiweke kwenye meza unapofanyia kazi. Saa yako janja hataiuliza.