Klasta ya Kubernetes na Huduma ya Nje ya Idhini: Dhana Potofu na Ukweli

Taasisi yenye klasta kadhaa za kontena (makundi ya kompyuta zinazoendesha programu zilizofungashwa) hufika mahali ikataka kanuni za nani anaruhusiwa kufanya nini zitunzwe pamoja, nje ya klasta zenyewe, ili zisiandikwe upya kila upande. Kubernetes, mfumo unaosimamia klasta hizo, huliwezesha jambo hilo kwa webhuku, yaani wito unaotumwa kwa huduma nyingine: seva ya API, lango linalopokea maombi yote ya klasta, ikishamtambua mwombaji, huituma kwa HTTPS hati fupi ya JSON iitwayo SubjectAccessReview kwa huduma ya nje, kisha husubiri jibu. Maelezo yake ni mafupi mno, na nadhani ufupi huo ndio uliozaa dhana zifuatazo, ambazo baadhi yake huacha milango wazi pasipo mtu kujua.

Dhana: Huduma ya nje ikisema hapana, ombi limekataliwa.

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote. Jibu la huduma lina vipengele viwili, `allowed` na `denied`, na huduma ikirudisha `allowed: false` peke yake, seva ya API haichukulii kwamba ombi limekataliwa, bali kwamba aliyeulizwa hana neno. Ombi hupelekwa kwa mwidhinishaji anayefuata, na huyo akiruhusu, limepita. Anayekusudia kukataa hana budi kuandika pia `denied: true`.

Waidhinishaji huulizwa kwa mpangilio uliowekwa katika chaguo la seva ya API liitwalo `--authorization-mode`, na wa kwanza kutoa neno, liwe la kuruhusu au la kukataa, ndiye anayemaliza shauri. Wote wakinyamaza, ndipo ombi hukataliwa. RBAC, njia ya ndani ya Kubernetes ya kutoa ruhusa kulingana na majukumu, kwa upande wake haina kanuni za kukataa kabisa: ama inaruhusu, ama inanyamaza. Kwa hiyo msimamizi aliyeandika `Node,RBAC,Webhook` (Node ni mwidhinishaji wa maombi ya nodi, yaani kompyuta za klasta) amejenga mfumo ambamo huduma ya nje inaweza kuongeza ruhusa juu ya zile za RBAC, lakini haiwezi kupunguza hata moja. Mfanyakazi aliyehamishwa idara, ambaye RoleBinding yake ya zamani (hati ya RBAC inayompa mtu ruhusa) bado inamruhusu kusoma data za siri, za aina ya Secret, za mfumo wa malipo, ataendelea kuzisoma hata kama sera ya nje inamkataza waziwazi, kwa sababu shauri lilimalizwa na RBAC na huduma ya nje haikuulizwa. Anayetaka huduma hiyo iwe na uwezo wa kuzuia lazima aitangulize mbele ya RBAC, na hapo ndipo linapozuka swali la pili.

Dhana: Huduma ya nje ikizimika, klasta hufunga milango yenyewe.

Kwa mpangilio wa kale unaotumia chaguo za mstari wa amri, huduma isipopatikana huhesabiwa kuwa haina neno, na ombi husonga mbele kwa anayefuata. Maana yake ni kwamba huduma iliyowekwa mbele ili izuie haitazuia chochote wakati iko chini, na RBAC ndiyo itakayoamua peke yake.

Faili la AuthorizationConfiguration, lililoingia hatua ya beta katika toleo la 1.30 na kukamilika katika 1.32, limempa msimamizi uamuzi huo mkononi: kwa kila webhuku anachagua `failurePolicy` iwe `NoOpinion` (haina neno) au `Deny` (kataa). Kwa mfumo wenye data nyeti ningechagua `Deny`, ila baada ya kujibu kwanza swali la huduma hiyo inaishi wapi. Ikiwa inaendeshwa na podi (vifurushi vya kontena) za klasta ileile, basi siku itakapoanguka, mratibu wa podi na vidhibiti vya mfumo vitakataliwa maombi yao, podi mpya za huduma hazitapangiwa nodi, na klasta haitaweza kujiinua, kama mtu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba. Dawa ni kuiweka huduma nje ya klasta, au kutumia `matchConditions`, ambayo huandikwa kwa lugha ya masharti iitwayo CEL, ili maombi ya mfumo wenyewe yasipelekwe huko. Ikumbukwe pia kwamba seva ya API mara nyingi haitumii DNS ya ndani ya klasta, hivyo anwani inayoishia kwa `.svc` katika faili la webhuku huenda isipate jibu hata siku ambayo kila kitu kiko salama.

Dhana: Ruhusa ikifutwa kwenye huduma ya nje, mtu amezuiwa papo hapo.

Seva ya API huhifadhi majibu katika kache, yaani hifadhi ya muda. Muda wa kawaida ni dakika 5 kwa jibu la kuruhusu na sekunde 30 kwa jibu lisiloruhusu, na pale penye seva za API tatu, kila moja ina kache yake, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kukubaliwa na kukataliwa ndani ya dakika ileile. Muda huo unaweza kupunguzwa, ila kila unapoupunguza unaongeza safari za mtandao. Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba idhini hukaguliwa ombi linapoanza: aliyekwisha kuingia ndani ya podi kwa `kubectl exec` (kubectl ni zana ya amri ya Kubernetes), au anayefuatilia mabadiliko kwa `watch`, hatakatwa kwa sababu tu sera imebadilika.

Dhana: Huduma ya nje huona ombi zima.

Huona jina la mtumiaji, makundi yake, kitendo, aina ya rasilimali, jina lake na eneo ilimo, lakini haioni mwili wa ombi. Haiwezi kujua kwamba podi inayoundwa inatumia picha kutoka hazina isiyoaminika au inataka mamlaka ya root. Kazi hiyo ni ya hatua inayofuata, ya ukaguzi wa kupokea (admission), ambako zana kama Gatekeeper hufanya kazi. Nayo hatua hiyo haikagui maombi ya kusoma, kwa hiyo hakuna hatua kati ya hizi mbili inayoweza kuziba nafasi ya mwenziwe.

Hapa pana mtego mdogo kwa mwandishi wa sera. Katika toleo la `v1beta1` la hati hiyo, ambalo ndilo la kawaida kwa chaguo za mstari wa amri, orodha ya makundi huitwa `group`, na katika `v1` huitwa `groups`. Sera inayosoma jina lisilo sahihi hukuta orodha tupu bila kosa lolote kuonekana.

Dhana: Hakuna anayeweza kuipita huduma hii.

Mwanachama wa `system:masters`, kundi la wasimamizi wenye mamlaka yote, huipita daima. Maombi yake hayatumwi huko kamwe. Kubernetes haina njia ya kubatilisha cheti cha mteja kilichokwisha kutolewa, kwa hiyo cheti chenye kundi hilo kikivuja ni balaa hadi muda wake uishe. Tangu toleo la 1.29, kubeadm, zana ya kusimika klasta, huliweka kundi hilo katika faili la `super-admin.conf` peke yake, na faili hilo halifai kukaa kwenye kompyuta ya kazi ya mtu yeyote.

Dhana: Watumiaji wa programu zetu nao sasa wanakaguliwa.

La. Webhuku hii inahusu maombi yanayokwenda kwa seva ya API tu. Maombi ya wateja kwa programu zilizomo ndani ya klasta yanahitaji mpango mwingine, kwa mfano kichujio cha `ext_authz` cha Envoy, proksi inayopitisha maombi ya programu.

Dhana: Amri ya `kubectl auth can-i --list` itatuonyesha ruhusa zote.

Webhuku haiwezi kuorodhesha kanuni zake, na amri hiyo yenyewe hutoa onyo kwamba orodha huenda haijakamilika. Uliza jambo moja moja, kwa jina la mtumiaji halisi na kundi lake, kama `kubectl auth can-i get secrets -n malipo --as=mhasibu --as-group=fedha`, kisha rudia swali lilelile huduma ya nje ikiwa imezimwa na muda wa kache ukiwa umepita.