Mchirizi wa maji hauthibitishi kwamba injini ya boti imepoa
Kwa miaka mingi imeaminika kwamba injini ndogo ya boti inayotoa mchirizi wa maji kwenye kitundu chake haiwezi kuchemka. Mchirizi huo huonyesha tu kwamba pampu inasukuma maji ya kuipoza injini. Chumvi iliyoganda katika njia za ndani, jambo linalosahauliwa mno, au themostati (vali inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto) iliyokwama ikiwa imefunga, huweza kuiunguza injini huku maji yakiendelea kutoka. Mchirizi ukikatika, zima injini mara moja, lakini usiihukumu pampu kabla ya kuzibua kitundu kwa waya mwembamba, kwani mara nyingi mchanga ndio uliokiziba. Pampu hukaa chini, juu ya gia, na kuifikia hulazimu kufungua mguu wa injini, yaani sehemu yake ya chini inayozama majini.