Kichupa cha ladha ya lozi si cha kunywa

Fungua kichupa cha ladha ya lozi, utadhani umeshika keki. Onja tone moja na ulimi utawaka. Kinachowasha ni kileo. Mafuta yanayobeba harufu hayachanganyiki vizuri na maji, ndiyo maana watengenezaji huyayeyusha kwenye kileo. Sheria ya Marekani inataka ladha halisi ya vanila iwe na kileo kisichopungua asilimia 35, na ladha ya limau au ya mnanaa hupita hata 80.

Hebu tupige hesabu. Kichupa cha mililita 60 chenye asilimia 35 kina mililita 21 za kileo, zaidi kidogo ya bia moja ya mililita 350. Cha limau kinakaribia bia tatu. Kijiko kimoja cha chai kwenye keki ya watu kumi hakina neno. Anayekipiga kichupa kizima amekunywa pombe kali, na mafuta makali juu yake yanayochoma tumbo.

Wengi huulizia sayanidi, ile sumu kali, wala si swali la kipuuzi. Lozi chungu na kokwa za aprikoti zina kemikali iitwayo amigidalini. Zikisagwa na kulowekwa, hutoa benzaldehidi, ambayo ndiyo harufu yenyewe, pamoja na sayanidi. Viwandani sumu hiyo huondolewa, na ladha ya bandia haiguswi na kokwa hata kidogo. Kwa hiyo cha dukani hakina shida hiyo. Mimi naogopa zaidi cha kujitengenezea nyumbani kwa kuloweka kokwa: hapo hakuna aliyeiondoa sumu.

Mtoto mdogo ni habari nyingine. Kileo kidogo tu kinaweza kumshusha sukari ya damu, akalegea na kusinzia. Akikinywa, usimtapishe, mpeleke hospitali na kichupa chenyewe, daktari asome asilimia.

Tena usichanganye ladha ya kupikia na mafuta asilia ya kunukia, ingawa vichupa hufanana. Mafuta ya wintagrini, mmea wenye harufu kama ya dawa ya kuchua, ni mfano mbaya kuliko yote: kijiko kimoja cha chai kina salisileti, kemikali ya jamii ya aspirini, sawa na vidonge zaidi ya 20 vya aspirini, na kimewahi kuua watoto.

Ukitamani maziwa yenye ladha ya lozi, matone mawili matatu kwa glasi yanatosha. Ukizidisha, yanakuwa machungu hata hayanyweki.