Mdudu kijiti si vunjajungu, na mambo mengine anayosingiziwa

"Huyo ni vunjajungu aliyekonda." Hapana. Vunjajungu ni mwindaji, na miguu yake ya mbele ina miiba ya kukamatia nzi na panzi. Mdudu kijiti hula majani tu. Miguu yake ya mbele huinyoosha mbele ya kichwa sambamba na vipapasio, akaonekana tawi moja refu. Mtazame kwa karibu: mapaja ya miguu hiyo yamebonyea pale yanapoanzia, na kichwa hujificha humo.

"Akikuuma umekwisha." Mdomo wake ni wa kutafuna majani, wala hana sumu ya kuchoma nayo. Lakini si wote wanyonge. Anisomorpha buprestoides, wa kusini-mashariki mwa Marekani, hurusha majimaji kutoka kwenye tezi zilizo nyuma ya kichwa, na yakikuingia machoni utajuta. Osha kwa maji mengi, kisha umwone daktari.

"Bila dume hakuna watoto." Hili ndilo watu hulibishia zaidi, nami siwalaumu. Katika spishi kadhaa jike hutaga mayai yakaanguliwa bila kupandwa, na watoto wakawa majike karibu wote. Mdudu kijiti wa India, Carausius morosus, anayefugwa sana maabara, huendeleza ukoo hivyo kizazi baada ya kizazi. Kumpata dume ni bahati. Mayai yenyewe hudondoshwa chini ovyo, nayo hufanana na mbegu. Ya spishi nyingine yana kinundu juu ya kifuniko. Sisimizi huyabeba hadi shimoni mwao, wakala kinundu na kuliacha yai zima, mbali na nyigu wanaoyavamia mayai.

Mguu uliokatika? Hurudi, ila kwa mtoto tu, kidogo kidogo kila anapojivua gamba. Mzima hajivui tena, kwa hiyo hubaki kilema.

"Wote ni wembamba." Yule wa kisiwa cha Lord Howe, Australia, ni mnene, mweusi, na hufikia sentimita 15. Meli Makambo ilipokwama hapo mwaka 1918, panya waliteremka wakawamaliza, na kwa miongo mingi ilisadikiwa wametoweka duniani. Mwaka 2001 walionekana wachache chini ya kichaka kwenye Ball's Pyramid, jabali lililo baharini kilomita 23 hivi kutoka kisiwani. Vipimo vya DNA vilivyotangazwa mwaka 2017 vilithibitisha kwamba ni walewale.